Ngozi Nyuma ya Feni

Harufu ya manyoya ya mbuzi yaliyoungua haifi, inalala tu. Mimi na mdogo wangu Mwendwa tulipofungua sanduku la bati la marehemu Mama, wiki sita baada ya kumzika, harufu hiyo ilinifikia kabla sijaona kilichoibeba. Chini ya vyeti vyetu vya kuzaliwa, barua zake za kazi na leso mpya ambayo hakuwahi kuifunga, kulikuwa na mfuko wa plastiki. Mwendwa aliingiza mkono akatoa ncha ya ngozi, manyoya meupe yenye mabaka ya kahawia, kona moja nyeusi iliyoungua ikajikunja. Akaninyooshea kidevu, ndiyo namna yake ya kuuliza: hii ni nini?

Nilijua ni nini. Nikamwambia kwa mikono kwamba sijui, kisha nikaenda jikoni kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba. Nilisimama mbele ya sufuria, mtu mzima mwenye mvi za kwanza, kama mtoto anayesubiri kuitwa jina lake.

Mama alikuwa mwalimu wa shule ya kuhamahama. Wafugaji wa upande wa Eldas walipowafuata ngamia wao kwenye malisho, yeye naye aliwafuata na ubao wake, na sisi tuliishi ndani ya kombi kuukuu, Wakamba watatu kutoka Mwingi katikati ya vibanda vya mikeka. Kombi hiyo ilikuwa ya Wazungu wawili waliokuwa wakizunguka nchi baada ya nchi, wakaiacha Garissa ilipowashinda. Nyuma ilikuwa na kitanda, pembeni jiko la gesi na sinki ndogo ambayo haikuwahi kuona maji ya bomba. Baba, aliyekuwa fundi wa magari pale Garissa, aliichukua kama chuma chakavu akaifufua, na kabla ya maradhi kumchukua alimfundisha Mama kila kitu kilichomo. Nilikuwa na miaka saba alipofariki, Mwendwa akiwa bado tumboni. Alituachia kombi, sanduku la spana na sheria moja ya maneno manne: kabla ya ufunguo, gunia.

Sheria ilitokana na aibu ya gari lile. Injini yake ilikuwa nyuma, chini ya kitanda, na mlango wa kuifunika ulikuwa umeng'oka zamani. Ukisimama nyuma ya kombi uliona kila kitu kimekaa wazi, nyaya, mkanda, kabureta, na kasha la bati lililobeba feni. Injini hiyo haikunywa maji. Ilipozwa kwa upepo peke yake, na Baba alikuwa akisema kwamba usimwekee mkono mdomoni mtu anayepumua kwa shida.

Kwa hiyo Mama aliitunza kama mtoto njiti. Tulipoegesha, aliifunika kwa gunia lililofuliwa, vumbi lisiingie, na hakuwasha kabla halijaondolewa. Asubuhi aliipiga brashi ya rangi, kila kona, akafuta nyaya kwa kitambaa kikavu. Nyaya zenyewe alizivika mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa vipande, zisisuguane na bati. Vichwa vya betri alivipaka mafuta ya kujipaka, yale yale tuliyopaka miguu. Mdomo wa kuvutia hewa ya kabureta aliuvalisha soksi ndefu ya kike, na nakumbuka wanafunzi wa kike walivyocheka hadi wakalala chini. Chini kabisa, mahali mawe na miiba ilipopiga, palikuwa na ngozi nene ya ngamia iliyotobolewa matundu na kufungwa kwa kamba. Hiyo ilikuwa kazi ya Eeddo Habiba.

Eeddo maana yake ni shangazi, na ndivyo tulivyomwita ingawa hatukuwa na damu moja. Alikuwa mjane wa kambi ile, mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuita ngamia waliovuka kilima. Alifuma mikeka ya vibanda, alikata ngozi, na mchana Mama akiwa kwenye ubao yeye ndiye aliyemshika Mwendwa, akimlaza juu ya ngozi laini ya mbuzi yenye mabaka. Mama alimheshimu kuliko mtu yeyote. Mimi nilimwamini zaidi ya heshima. Alilosema Eeddo kwangu lilikuwa limesemwa, halihitaji mwalimu wa kulisahihisha.

Na Eeddo alisema habari za jicho.

"Mtu nasifu kitu, hasemi mashallah, jicho inatoka," aliniambia siku moja akikamua. "Ikitoka hairudi, Kanini. Ikikosa hii, inashika ile iko karibu."

Alinipa mfano. Kaka yake alikuwa na ngamia jike, mnene, wa maziwa mengi. Mpita njia akamsifu bila kumtaja Mungu. Kaka mtu kwa hofu akamfunika ngamia kwa blanketi siku nzima asionekane tena. Ngamia akapona. Asubuhi iliyofuata ndama wake akakutwa hawezi kusimama. Nilisikiliza hadithi hiyo nikiwa na miaka tisa, umri ambao unashika neno lote isipokuwa maana yake.

Basi dereva mmoja wa lori la mbuzi, mtu wa bara kama sisi, akasimama kuomba maji. Mama alikuwa nyuma ya kombi na brashi yake. Yule dereva akainama, akatazama injini, akapiga mluzi.

"Mwalimu! Hii injini ni safi kuliko sahani za mke wangu. Mzee kama huyu na anang'aa hivi? Hii haiwezi kufa leo wala kesho."

"Mashallah dheh!" Eeddo akafoka kutoka kwenye kivuli cha kibanda, yaani, sema mashallah.

"Ah, mama, si ni chuma tu?" Akacheka, akanywa maji, akapanda lori lake akaenda.

Eeddo alisema mashallah mara tatu kwa niaba yake, akarudi kwenye mkeka wake. Mama alitabasamu kidogo, kwa adabu, namna anavyotabasamu mtu wa kanisani. Kwao jambo lilikuwa limeisha. Kwangu lilikuwa ndiyo kwanza linaanza, kwa sababu nilikuwa nimemwona yule mtu akitazama, na nilijua lile jicho liko pale pale nyuma ya gari, linazunguka kama nzi linatafuta pa kutua. Na kombi ile ndiyo Baba pekee aliyebaki kwa Mama. Ikifa, nilihesabu, Baba atakuwa amekufa mara mbili.

Mchana wa siku hiyo, watu wakiwa wamejilaza kukimbia jua, niliingia ndani ya kombi, nikaondoa godoro, nikainua ubao wa chini yake. Kutoka hapo juu injini inaonekana upande wake wa pili, ule ambao mtu aliyesimama nyuma ya gari hauoni. Kwenye kasha la feni, upande huo wa ndani, kuna tundu kubwa la mviringo ambalo feni huvutia upepo wote. Mimi sikuona tundu. Niliona jicho. Niliona jicho la injini lililo wazi, halina ukope, linalongoja kutazamwa na yeyote asiyemtaja Mungu. Nikachukua ile ngozi ya mbuzi ya Mwendwa, nikailaza juu ya tundu, ikatosha kabisa. Nikatoboa pembeni kwa msumari, nikapitisha kamba ya kiatu changu cha shule, nikaifunga kwenye kasha kwa fundo la mara mbili. Kona moja ilibaki ikining'inia chini na sikuijali. Nilirudisha ubao na godoro, nikasema bismillahi kwa sababu Eeddo husema, na amina kwa sababu Mama husema. Nilijisikia mtu mwema sana.

Siku ya pili Mwendwa akaamka na homa.

Kufika jioni alikuwa akilia kwa sauti nyembamba ambayo sijawahi kuisikia tena, na mwanga wa taa ulikuwa ukimuumiza. Mama alijaribu kumwinamisha kichwa kidevu kiguse kifua, shingo ikakataa, mtoto akapiga yowe. Nilimwona Mama akimtazama Eeddo juu ya kichwa cha mtoto. Hapo ndipo nikaogopa.

Sasa fuata hesabu yangu, maana ndiyo iliyotuharibia maisha. Jicho lilikuwa limetumwa kwa injini. Mimi nikaifunika injini. Jicho likakosa pa kutua, likashika kilicho karibu. Kama yule ndama. Ni mimi niliyelielekeza kwa mdogo wangu. Nikiondoa ngozi, jicho litarudi kwa injini, na injini ikifa njiani hatufiki Wajir hospitalini. Nisipoiondoa, Mwendwa anakufa mikononi mwa Eeddo. Nilizunguka ndani ya hesabu hiyo nikitafuta mlango, na haikuwa na mlango. Hakuna mtu mzima aliyejua kwamba ninaifanya.

Tuliondoka jua halijapanda. Kwenda Wajir kwa njia ile ya mchanga kulikuwa mwendo wa saa tatu hivi kombi ikiwa na afya.

"Kanini! Gunia!" Mama aliita akiwa ameshika usukani.

Hiyo ilikuwa kazi yangu ya kila safari. Nikalitoa gunia, nikaliinua juu kwa mikono miwili alione kwenye kioo cha pembeni. Aliliona. Akawasha. Aliniamini, na mpaka leo picha ya uso wake ndani ya kile kioo kidogo, akitikisa kichwa kukubali, ndiyo inayonichoma kuliko mengine yote.

Eeddo alikaa kitandani na Mwendwa mapajani, mimi kando yao, juu kabisa ya ule ubao. Kabla hatujafika mbali joto lilianza kupanda kupitia godoro. Nikajiambia ni jua. Halafu harufu ikaja, hafifu, kama kichwa cha mbuzi kinapochomwa manyoya. Nikamtazama Eeddo. Alikuwa akisoma dua sikioni mwa Mwendwa, hajasikia kitu. Mbele Mama akasema, "Nini tena?" Taa nyekundu ya oili ilikuwa imewaka.

Alishuka, tukamsikia nyuma. Alibonyeza mkanda kwa kidole gumba, akachomoa kijiti cha oili, akafunga jicho moja akachungulia. "Mkanda upo," alisema, na alikuwa anaiambia injini, au Baba. "Oili ipo. Feni inazunguka. Sasa unataka nini?" Tukasubiri ipoe. Mama alitembea kwenda na kurudi kando ya gari, saa yake ya mkononi ameivua ameishika kiganjani. Mwendwa hakulia tena. Kulia kwake kulikuwa kumetuchosha, lakini kunyamaza kule kulikuwa kubaya zaidi.

Tukaenda kidogo. Taa ikawaka. Tukasubiri. Tukaenda, safari hii injini ikigonga kama mtu anayegonga mlango kwa ufunguo, na kombi ikipanda vilima vya mchanga kwa mwendo wa punda. Mara ya tatu ilizimika yenyewe. Hapakuwa na lori, hapakuwa na pikipiki, hata mtu wa kuulizwa. Simu ya Mama haikuwa na mtandao, na aliendelea kuitazama hivyo hivyo.

"Ni hiyo ngozi ya chini," Mama akasema ghafla. Sauti yake haikuwa yake. "Habiba, ngozi yako imeziba upepo."

"Mwalimu, mimi nilitoboa. Inabumua," alisema, maana p yake mara nyingi iligeuka b.

"Imeziba!"

Akajilaza kwenye mchanga wa moto na kisu cha jikoni, akaingia chini ya gari, akaanza kukata kamba. Ile ngozi ya ngamia Eeddo aliishona siku nne. Nilisikia kila kamba ikikatika. Eeddo alikaa wima, macho kwa mtoto. Hapo ndipo mwili wa Mwendwa ulipokakamaa. Mgongo ulijipinda, macho yakapanda juu yakabaki meupe, mkono wake mdogo ukawa unapiga goti langu. Tap, tap, tap. Hakuwa ananipiga, ni mkono tu uliokuwa ukipiga. Lakini mimi nilielewa kwamba ananiita.

Nilimshika Eeddo shingoni nikamwambia sikioni. Nilimwambia kwa Kisomali changu cha kambini, kwa sababu Kiswahili kilikuwa cha Mama na Mama angesikia. Nikasema, jicho, ni mimi, nililifunika, liko hapa chini.

Hakuelewa. Halafu akaelewa. Sijawahi kuuona uso wa mtu ukizeeka vile, mara moja. Alinipa Mwendwa mikononi, anavyojirusharusha, akasukuma godoro, akainua ubao. Moshi ukatoka. Aliingiza mkono mtupu ndani ya joto lile, akavuta, nyama ya vidole vyake ikalia kwenye bati, na ngozi ikatoka pamoja na fundo langu. Alinitazama. Nilidhani atanipiga, na wallahi nilitaka anipige.

"Shh," alisema. "Aamus." Nyamaza.

Akashuka. Nilimwona kupitia dirishani akisimama juu ya miguu ya Mama iliyotokeza chini ya gari.

"Mwalimu. Toka. Iko hapa. Ni mimi nafunika. Fumbi ilikuwa mingi, mimi sijui ni bua yake."

Mama alitoka, mchanga nywele zote. Akaitazama ngozi, kisha mkono wa Eeddo uliokuwa unaanza kuvimba. Nilikuwa na nafasi. Ilikuwa ndefu, nafasi hiyo, naweza kuipima hata sasa. Ningefungua mdomo tu. Sikufungua.

"Habiba," Mama alisema. Kisha, "Ingia."

Baada ya hapo kombi ilikwenda. Kwa kukohoa, kwa kugonga, lakini ilikwenda, na tulifika Wajir watu wakitoka kuswali alasiri. Tabibu wa zamu alimchukua Mwendwa kwa Mama hata kabla hajauliza jina. Baada ya kumchoma sindano na kumtundikia maji alituuliza tulitoka wapi na saa ngapi. Mama akamwambia. Akasema, "Mngefika mapema kidogo," halafu akatuangalia sote watatu na hakumalizia.

Mwendwa alipona. Hilo nalisema kwa shukrani na sitaki lipotee. Alipona, akanenepa, akarudi kucheka. Ni Eeddo aliyegundua, wodini, alipoangusha sufuria nyuma ya mgongo wa mtoto naye hakugeuka.

Kama ni zile saa tulizopoteza, au maradhi yalikuwa yameshaamua, hakuna daktari aliyewahi kuniambia, na mimi nilihakikisha simwulizi hata mmoja.

Eeddo alirudi Eldas kwa lori, mkono umefungwa bandeji. Mama alimuaga kwa kumshika mikono yote miwili, ule mzima na ule wa bandeji, muda mrefu sana. Nilidhani ni hasira iliyovishwa adabu. Sisi tulihamia Garissa mjini, palipokuwa na shule ya watoto wasiosikia, na Mama akaomba kazi ya darasa lenye kuta. Miaka ikapita, tukapata habari kwamba Eeddo ametangulia mbele ya haki. Sikuwahi kumwona tena. Alikwenda na kosa langu begani na mimi nikamwachia.

Siku ya pili pale Wajir, katikati ya msiba ule wote, Mama alitoka hospitalini akaenda sokoni akarudi na kamba mpya ya kiatu. Alipiga magoti akanifunga mwenyewe. Niliona ni bahati tu kwamba hakuuliza ya zamani ilienda wapi.

Niliporudi na chai, Mwendwa alikuwa ametandaza ngozi mezani. Kwenye matundu ya pembeni ilikuwepo bado, imekauka kama utumbo wa ndafu: kamba nyeusi ya kiatu cha mtoto, imefungwa fundo la mara mbili. Lile fundo Mama mwenyewe ndiye aliyenifundisha, ili nisijikwae. Nikaketi. Kwa hiyo alijua. Tangu siku ya kwanza alijua, na Eeddo alijua kwamba anajua, na wale wanawake wawili walishikana mikono juu ya kichwa changu wakanisitiri. Mama alikufa akisubiri labda nifungue mdomo mwenyewe, au labda aliomba nisifungue kamwe. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini sikujua kwamba kifo kinaweza kuwa cha mtu mwingine.

Nikamwambia Mwendwa. Mikono yangu ilikosea ishara, nikarudia. Dereva, jicho, ngozi, gunia, kioo. Degedege. Eeddo. Nilipofika kwenye ile nafasi ambayo sikufungua mdomo, sikujua ishara yake, nikaviweka tu viganja vyangu mezani vikanyamaza.

Alinitazama mpaka mwisho bila kupepesa. Kisha akachukua ngozi akatoka nayo.

Mwendwa ni fundi, gereji yake iko hapa hapa nyuma ya nyumba ya Mama anamoishi, na watu hutoka mbali kumletea magari kwa sababu yeye huilaza mikono juu ya injini na kuhisi kilichowashinda wenye masikio. Kombi bado iko kwenye uwanja wake, haitembei, imejaa vumbi. Nilimfuata. Alikuwa ameshafungua nyuma, ameinua ule ubao, na nilipochungulia alikuwa akiilaza ngozi juu ya tundu la feni, taratibu. Ilitosha kabisa, kama siku ile. Akabaki ameishikilia hapo.

Alipogeuka macho yalikuwa mekundu, na ishara zake zilikuwa kubwa na kali, za mtu anayepiga kelele.

Kila Ijumaa, alisema. Chakula. Nguo zangu unafua. Kazi ya Nairobi uliikataa. Mume wako alikuacha kwa sababu huachi kuja hapa. Ni kwa sababu ya hii? Akaitikisa ngozi mbele ya uso wangu. Mimi nilidhani unanipenda.

Nakupenda, nikasema.

Ungekuja kila Ijumaa?

Ningeweza kudanganya. Mikono hudanganya kama ulimi, nilikuwa nimeitumia hivyo saa moja tu iliyopita. Lakini nilikuwa nimechoka, jamani, nilikuwa nimechoka tangu darasa la tatu.

Sijui, nikamwambia. Sijui kama ningekuja.

Aliirusha ngozi ndani ya kombi na kunipa mgongo. Nilisimama pale juani, nikiwa na uhakika kwamba nimempoteza, na kwamba ni haki. Hatimaye akasogea kwenye kioo cha dirisha la kombi, kile kilichojaa vumbi. Tulipokuwa wadogo, kabla sijaijua lugha yake vizuri, ndipo tulipokuwa tukiandikiana kwa kidole. Akaandika kwa herufi kubwa:

IJUMAA USIJE.

Nilitikisa kichwa kukubali. Nikageuka kwenda. Akapiga bati la kombi kwa kiganja, kishindo ambacho yeye hakukisikia, nikatazama nyuma. Alikuwa ameongeza mstari chini yake:

NJOO JUMANNE. USILETE KITU.

Jumanne nilikwenda. Nilimkuta amelala chini ya gari la mtu, miguu nje, nikaketi kwenye tairi kuukuu nikamsubiri. Sikuwa na bakuli, sikuwa na nguo zilizopigwa pasi, na sikujua mikono niiweke wapi.